Ukuta wa Pikseli: Hesabu ya Umeme, Njia ya Data na Upangaji wa Mwonekano

Ukuta wa pikseli ni jopo la taa ndogo za LED zilizopangwa kwa safu wima na mistari, kila taa ikipokea rangi yake bila kutegemea rangi ya jirani yake. Ndani ya kila taa mna LED tatu, nyekundu, kijani na buluu, na chipu moja inayoziendesha. Chipu iliyoenea sana ni WS2811 ya kampuni ya Worldsemi ya China; ndugu yake WS2812B imefungwa ndani ya LED yenyewe, nayo ndiyo iliyojaa kwenye mikanda ya taa. Kila rangi ina ngazi 256 za mwanga, hivyo taa moja inaweza kutoa zaidi ya rangi milioni 16. Rangi iliyochelewa kupatikana ni buluu. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini buluu angavu ilisubiri kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila buluu hiyo ukuta wa pikseli usingeweza kutoa rangi nyeupe.

Ukuta wa namna hii usichanganywe na mabango ya maandishi yanayotembea, yale ya P10 yanayoning'inia mbele ya maduka ya dawa na saluni katika miji mingi ya Tanzania. P10 ni kibao cha sentimita 32 kwa 16 chenye taa zilizoachana milimita 10. Taa zake huwashwa kwa mafungu yanayopokezana haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, na kadi yake ya kuendeshea ni ya aina yake. Hufaa pale msomaji anaposimama karibu. Ukuta wa pikseli za nyuzi hujengwa kwa kipimo chochote, kwa umbo lolote, na hutazamwa kutoka mbali: ukumbi wa harusi, uwanja wa kanisa wakati wa Krismasi, uwanja wa mpira usiku wa Idd.

Wanaoanza kazi hii mara nyingi huanza na programu ya kompyuta kwa kuwa ndiyo inayovutia. Katika Magamba, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, ni salama zaidi kuanza na umeme. Kwa miaka mingi Mpanda ilikaa nje ya Gridi ya Taifa na TANESCO iliendesha majenereta ya dizeli mjini, hadi ilipojengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora. Tena hili ni eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, na panapochimbwa dhahabu hapakosi mota kubwa. Mota ya karasha, mashine ya kusagia mawe, inapowashwa huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na volti za laini hushuka kwa muda mfupi. Taa za nyumbani hufifia tu. Kidhibiti cha pikseli kinaweza kuzima na kuwaka upya katikati ya onyesho. Ukuta uliopimwa vizuri huvumilia haya yote. Uliokisiwa hushindwa jioni ya kwanza.

Vipimo vya ukuta hutokana na kile kinachotakiwa kuonekana. Herufi ndogo inayosomeka vizuri huwa na upana wa pikseli 5 na kimo cha pikseli 7, pamoja na nafasi ya pikseli moja kati ya herufi na herufi. Neno KARIBU lina herufi sita, kwa hiyo huchukua safu 35. Neno MAGAMBA lina herufi saba, nalo huhitaji safu 41. Mjenzi aliyenunua nyuzi za kutosha safu 40, namba inayopendeza machoni, atakuta jina la mahali pake haliingii kwa safu moja tu, na itambidi alifinye au alitembeze. Ndiyo maana neno refu zaidi linalotakiwa kusimama bila kutembea huandikwa kwanza kwenye karatasi ya mirabamiraba kabla ya kununua chochote.

Mfano utakaofuatwa katika sura hii ni ukuta wa safu 42 na mistari 25, jumla pikseli 1,050. Pikseli za risasi, zile zenye kichwa cha mviringo kinachopachikwa kwenye tundu la milimita 12, kwa kawaida huuzwa kwa nyuzi za taa 50. Uzi mmoja hupanda safu moja ya taa 25 na kushuka ya pili, hivyo ukuta unahitaji nyuzi 21 kamili bila kubakiza taa. Taa zikiachana sentimita 7.5, jopo linakuwa na upana wa takribani mita 3.1 na kimo cha mita 1.8. Urefu wa waya kati ya taa na taa upimwe dukani, kwa sababu kuna nyuzi ambazo waya wake ni mfupi kiasi kwamba hazifikii tundu linalofuata. Jopo la ukubwa huu haliwezi kuonyesha sura ya bibi harusi ikatambulika, lakini herufi, nyota, msalaba, mwezi mwandamo, moto, mawimbi na bendera hutoka vizuri sana.

Pikseli moja ya volti 5, ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote, huvuta takribani ampea 0.06. Pikseli 1,050 huvuta ampea 63, yaani wati 315. Ampea 63 ni mkondo mkubwa. Ukipita katika waya mwembamba au skrubu iliyolegea huyeyusha plastiki, ingawa volti 5 zenyewe hazimrushi mtu. Kuna pia pikseli za volti 12, na mafundi wengi huzipenda kwa sababu volti zake hazipotei haraka njiani. Hata hivyo, nyingi kati yake huchoma volti zilizozidi kama joto, hivyo kwa mwanga uleule hula wati zaidi ya mara mbili. Mahali ambapo onyesho litaendeshwa kwa jenereta dogo au kwa betri ya sola, volti 5 ndizo zinazofaa zaidi, mradi nyaya zipangwe kwa uangalifu.

Upotevu wa volti ndio unaoharibu kuta nyingi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa karibu omu 0.007 kwa mita. Pawasaplai ikiwekwa mita 3 kutoka kwenye ukuta, mkondo hupita mita 6, kwenda na kurudi, yaani omu 0.04. Kwa ampea 21, ambazo ni theluthi ya ukuta, hupotea karibu volti 0.9. Taa zinabaki na volti 4.1, na zile za mwisho wa uzi hupata pungufu ya hapo. Dalili yake hujulikana kwa rangi: nyeupe hugeuka njano, kisha nyekundu, kuelekea mwisho wa uzi. LED za buluu na kijani huhitaji kama volti 3 ili ziwake sawasawa, nyekundu hutosheka na kama 2, kwa hiyo umeme ukipungua nyekundu ndiyo inayobaki. Fundi anayeona ukuta unakuwa mwekundu upande mmoja asiguse programu. Achukue mita apime volti kwenye taa ya mwisho.

Tiba ni kugawa. Ukuta wa mfano hugawanywa mafungu matatu ya nyuzi saba, pikseli 350 kila moja, na kila fungu hupewa pawasaplai yake ya volti 5 na ampea 40, inayofungwa nyuma ya jopo. Fungu likivuta ampea 21, pawasaplai inafanya kazi kwa nusu tu ya uwezo wake, jambo linaloirefushia maisha katika joto la Septemba na Oktoba. Kutoka kwenye pawasaplai, kila jozi ya nyuzi hupelekewa waya wake wa milimita za mraba 1.5 usiozidi mita moja, na uzi wa saba hupewa wake peke yake. Pikseli 100 huvuta ampea 6, na kwa umbali huo hupotea kama volti 0.14, kiasi kisichoonekana kwa macho. Kila njia huwekewa fyuzi ya gari ya ampea 7.5. Nyaya za hasi za pawasaplai zote tatu na ya kidhibiti huunganishwa pamoja, kwa kuwa data hupimwa kwa kulinganishwa na hasi hiyo. Za chanya haziunganishwi kamwe kati ya fungu na fungu.

Upande wa volti 230 una hatari ya kifo, nao huachiwa fundi mwenye leseni ya EWURA. Waya wa ethi ufike kwenye bati la kila pawasaplai. Jambo moja dogo limeua vifaa vingi: pawasaplai nyingi za bei nafuu zina kiswichi cha pembeni cha kuchagua volti 115 au 230, na baadhi hutoka kiwandani zikiwa kwenye 115. Zikichomekwa hivyo kwenye umeme wa Tanzania hulipuka papo hapo.

Baada ya umeme kutulia, mwanga hupunguzwa. Usiku wa Magamba hauna taa nyingi za mitaani za kushindana nazo, na asilimia 30 ya mwanga hutosha kabisa. Zaidi ya hapo watazamaji wa mbele huumia macho. Kwa kiwango hicho ukuta wote ukiwa mweupe huvuta karibu ampea 19, yaani wati 95. Maandishi hula umeme mdogo zaidi ya huo. Neno MAGAMBA kwa rangi nyekundu huwasha kama pikseli 120, kila moja kwa LED moja ya ampea 0.02, na hata kwa nguvu zote hiyo ni ampea 2.4 tu. Hesabu hii ndiyo inayowezesha onyesho kuendeshwa kwa sola: wati 95 kwa saa nne ni wati-saa 380, na betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ikitumiwa nusu, hutoa wati-saa 600. Kinachoongezeka ni kifaa cha kushusha volti 12 kuwa 5. Anayetumia laini yenye mota jirani aweke stabilaiza, au awashe kidhibiti na kompyuta ndogo kwa betri hata kama taa zenyewe ziko kwenye laini, maana taa zikififia kwa nusu sekunde hakuna atakayelalamika, lakini kidhibiti kikizima onyesho lote linasimama.

Data hupita kwenye pikseli kwa zamu. Kidhibiti hutuma mfululizo wa biti laki nane kwa sekunde. Pikseli ya kwanza huchukua biti 24 za mwanzo, nane kwa kila rangi, na kuzipitisha zilizobaki kwa ya pili, nayo hufanya vivyo hivyo hadi mwisho. Pikseli haina jina wala namba. Inajulikana kwa nafasi yake kwenye foleni. Kila moja huchukua mikrosekunde 30, hivyo pikseli 1,050 kwenye njia moja zingehitaji milisekunde 31.5 kwa kila picha, na picha zisingezidi 31 kwa sekunde. Zikigawanywa kwenye njia tatu za pikseli 350, kila njia humaliza kwa milisekunde 10.5, na picha 40 kwa sekunde hupatikana bila shida. Mgawo wa umeme na mgawo wa data ukifanana, kama katika mfano huu, kutafuta hitilafu huwa rahisi sana.

Kwa vidhibiti kuna daraja kadhaa. Vile vya Kichina vya kadi ya kumbukumbu, kama T-1000S, hucheza faili lililoandaliwa kwa programu ya LedEdit, na vinafaa kwa bango lisilobadilika. Bodi ya ESP32 yenye programu huria ya WLED, iliyoanzishwa na Christian Schwinne, inamudu ukuta wa pikseli elfu moja, na ndiyo njia nafuu zaidi ya kujifunzia. Falcon F16 ni kidhibiti cha njia 16, kwa maonyesho makubwa. ESP32 ina tatizo moja ambalo lazima litatuliwe: hutoa mawimbi ya volti 3.3, ilhali pikseli ya volti 5 hutaka angalau volti 3.5 ili iamini kuwa imepokea moja na si sifuri. Taa huweza kufanya kazi mezani kisha zikameremeta ovyo ukutani. Chipu ya 74AHCT125 hupandisha mawimbi hayo hadi volti 5, na kizuizi cha omu 220 hadi 470 mwanzoni mwa njia hutuliza mwangwi wake. Safari ngumu ya data ni kutoka kwenye kidhibiti hadi pikseli ya kwanza. Baada ya hapo kila pikseli huyatengeneza mawimbi upya kabla ya kuyapitisha.

Kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kidhibiti, data hutumia lugha ya watu wa majukwaa. DMX512, iliyotungwa Marekani mwaka 1986 kwa taa za maigizo, ina chaneli 512 katika kundi moja. Pikseli moja hula chaneli tatu, kwa hiyo kundi moja hubeba pikseli 170. Art-Net na E1.31 hupeleka makundi hayohayo kwa waya wa mtandao. Fungu la pikseli 350 lina chaneli 1,050, yaani makundi matatu, la mwisho likiwa na pikseli 10 tu, na ukuta mzima ni makundi tisa ikiwa kila fungu linaanza kundi lake. DDP, iliyo mpya zaidi, haina makundi na humwondolea mpangaji hesabu hiyo yote. Ruta haihitaji intaneti; inatosha itoe anwani zisizobadilika. Kwa E1.31 data itumwe moja kwa moja kwenye anwani ya kidhibiti, isitangazwe kwa vifaa vyote, kwani ruta ya bei ya chini hulemewa na matangazo hayo na picha hukatikakatika. Waya ni bora kuliko Wi-Fi, hasa pale ukumbi unapojaa watu wenye simu.

Programu inayotumika zaidi kwa kazi hii ni xLights. Ni ya bure na huria, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwanza husajiliwa kidhibiti na anwani yake, kisha huchorwa umbo la ukuta. Hapa ndipo wengi hupotea. Mjenzi anahesabu nyuzi 21, lakini kwa programu uzi ni njia moja ya data. Ukuta huu una njia tatu, kila moja ina pikseli 350, na kila njia imekunjwa mara 14. Namba zinazojazwa ni 3, 350 na 14, pamoja na kona ambako pikseli ya kwanza ipo ukiutazama ukuta kutoka mbele. Mwenye kufunga nyaya yuko nyuma, na kushoto kwake ni kulia kwa mtazamaji.

Jaribio hufuata utaratibu. Kwanza taa zote ziwe nyekundu, kisha kijani, kisha buluu. Nyekundu ikitokea kijani, mpangilio wa rangi umegeuka, kwa maana WS2812B hupokea kijani kwanza. Pili, pikseli moja itembezwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikipanda safu ya kwanza na kushuka ya pili, ramani ni sahihi; ikiruka kutoka juu hadi chini kila safu, kukunjwa kwa nyuzi hakukuandikwa sawa. Tatu, liandikwe neno. Rangi na maumbo ya duara hayafichui picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo, wala M na A hazifichui. G na B ndizo zinazosema kweli.

Upangaji wa mwonekano wenyewe hufanywa kwenye mstari wa muda. Muziki hupakiwa, na muda hukatwa kwa picha za milisekunde 25, yaani 40 kwa sekunde. Wimbo wa dakika tano huwa na picha 12,000, na kwa ukuta huu faili lake ni kama megabaiti 38 kabla ya kubanwa, ambazo kadi yoyote ya kumbukumbu inazibeba. Alama huwekwa kwenye midundo: wimbo wa midundo 120 kwa dakika una pigo kila baada ya picha 20. xLights huweza kutafuta midundo yenyewe kwa kutumia zana zilizotoka Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, na kwa Bongo Fleva yenye ngoma ya kompyuta hupatia. Kwa kwaya inayovuta na kuharakisha, au taarabu ambayo mwimbaji hutangulia ala kwa makusudi, alama huwekwa kwa mkono huku mpangaji akigonga kitufe na kusikiliza. Kazi hiyo ni ya masaa, na haina njia ya mkato inayostahili kusifiwa. Onyesho zuri huacha giza la kutosha. Athari tatu zinazowaka kwa pamoja hufutana, wakati mstari mmoja wa mwanga unaopanda pamoja na sauti ya soprano hueleweka na ukumbi mzima.

Onyesho likikamilika huhamishiwa kwenye Raspberry Pi yenye Falcon Player, ambayo hucheza ratiba yenyewe jioni bila kompyuta kubaki ukumbini.

Mvua za Katavi huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Krismasi na mwaka mpya huangukia katikati yake. Pikseli za risasi zimezibwa kwa plastiki na hustahimili, lakini pawasaplai na kidhibiti hazistahimili. Huwekwa kwenye sanduku lenye matundu ya hewa yanayotazama chini na wavu wa kuzuia vumbi, na kila waya unaoingia hulegezwa kwanza chini ya tundu ili maji yadondoke kabla ya kufika ndani. Radi ikianza, huchomolewa plagi ya umeme na waya wa mtandao pia, maana radi hupita popote penye shaba. Jopo la mita za mraba karibu sita hushika upepo kama tanga, hivyo taa hupachikwa kwenye vipande vyembamba vyenye nafasi kati yao, si kwenye bati zima.

Vipuri hununuliwa pamoja na vifaa vya mwanzo: nyuzi mbili na pawasaplai moja. Vingi hutoka Kariakoo, na njia ya reli kutoka Dar es Salaam hupita Tabora na Kaliua kabla ya kuingia tawi la Mpanda lililofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Kifaa kinachoharibika siku mbili kabla ya harusi hakitafika kwa wakati.

Pikseli ikifa, zote zinazoifuata kwenye njia hiyo huzimika au humeremeta ovyo. Mwenye kosa ni wa kwanza kuzimika, au wa mwisho kuwaka, ambaye anaweza kuwa amepokea data vizuri akashindwa kuipitisha. Hubadilishwa kwanza aliyezimika. Nyaya tatu hukatwa pande zote mbili, pikseli mpya huchomelewa mshale wake ukielekea mbele, na viungo huzibwa kwa gundi ya silikoni. Pikseli mbovu ikirukwa kwa kuunganisha nyaya bila kuweka nyingine, taa zitawaka, lakini kila moja baada yake itachukua rangi iliyokusudiwa kwa ile iliyoitangulia, na picha ya sehemu yote ya fungu inayofuata itasogea kwa nafasi moja. Tundu lililo tupu hujazwa siku hiyohiyo, au programu huambiwa kwamba pikseli hiyo haipo.